Mgumba si lazima awe mwanamke

Ndoa ikipita miaka miwili bila mtoto, jina la mgumba hutua kwa mke kabla hata hajafika hospitali. Mume haguswi. Akiulizwa, jibu huwa tayari: "Mimi mbona niko sawa."

Neno lenyewe halibagui. Mgumba ni mtu, mke au mume. Kwa wahudumu wa afya, ugumba ni kushindwa kupata mimba baada ya miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Utasa ni hatua nyingine: hapo uwezo wa kuzaa haupo kabisa. Mwenye ugumba bado anaweza kutibiwa akapata mtoto, kwa hiyo kuyachanganya maneno haya ni kumkatia mtu tamaa mapema.

Hilo la "niko sawa" ndilo linalopotosha zaidi. Nguvu za kiume hazipimi mbegu. Mwanamume anaweza kumudu tendo vizuri na kutoa shahawa za kawaida kwa macho, kumbe ndani hamna mbegu hata moja. Darubini ndiyo itakayoonyesha. Matubwitubwi ya ukubwani, kwa mfano, huweza kudhuru korodani. Kwa mwanamke, mirija iliyoziba kwa maambukizi ni sababu ya kawaida. Hata aliyewahi kuzaa anaweza kupata ugumba baadaye.

Kipimo cha shahawa ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mwanamke, ila wanaume hukikwepa. Waende wote wawili, na mke akishatimiza miaka 35 wasisubiri mwaka. Miezi sita inatosha.