Kuvika chembe ganda zikiwa bado hewani

Rangi nyeupe ya ukuta iliyochomwa na jua kwa miaka mingi huacha unga kiganjani ukiipapasa. Chanzo ni dioksidi ya titani (hapa chini nitaiita titani tu), kitu kilekile kinachoipa rangi hiyo weupe wake. Ikipigwa na mwanga wa urujuanimno, uso wake huzalisha kemikali kali zinazokula gundi ya rangi kidogo kidogo, hadi chembe zinakosa cha kuzishikilia. Kinga ni kuivika kila chembe ganda jembamba la silika, yaani oksidi ya silikoni, ile iliyomo kwenye mchanga na kioo.

Viwanda vingi hufanya kazi hiyo ndani ya maji: unga unakorogwa, silika inagandishwa juu yake, halafu kuna kuchuja, kuosha, kukausha na kusaga upya. Mimi nashughulika na njia nyingine, ya kuvika ganda chembe zikiwa bado zinaelea katika gesi ya moto, punde tu baada ya kuzaliwa. Kundi la watafiti la Sotiris Pratsinis, katika chuo kikuu cha ETH Zürich huko Uswisi, lilionyesha namna nzuri ya kuifanya. Pete yenye matundu huwekwa juu ya mwali unaozizalisha chembe za titani, na kupitia matundu hayo mvuke wa heksamethildisiloksani, kimiminika chenye silikoni, hupulizwa pamoja na nitrojeni. Mvuke unaungua, silika inatua juu ya titani. Ganda la nanomita 2 hadi 4 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita) linatosha, mradi lisiwe na pengo.

Hilo la pengo ndilo linalotutoa jasho. Silika iliyozaliwa ndani ya gesi ama itatua kwenye chembe iliyo jirani, ama itakutana na silika nyingine na kuanzisha chembe mpya. Mvuke ukirundikana mahali pamoja, hili la pili hushinda. Ndiyo maana matundu machache yenye mpulizo dhaifu hutoa mchanganyiko mbaya: hapa vumbi la silika tupu, pale titani iliyopita uchi. Ukiniuliza pesa ziende wapi kwanza, nitasema kwenye pete, kabla ya kuhangaikia aina ya mvuke.

Kimo cha pete nacho kina neno. Ikiwa chini mno, titani bado inaundika, kwa hiyo titani na silika zinachanganyika ndani ya chembe moja na ganda halipatikani. Ikiwa juu mno, chembe zimekwisha kugongana na kushikana vichala, na silika inavika kichala kizima. Hewa yenye chembe bilioni moja katika kila sentimita ya ujazo hupoteza nusu ya idadi hiyo kwa migongano ndani ya sekunde chache tu. Ndani ya mwali msongamano ni mkubwa zaidi, kwa hiyo tunahesabu milisekunde.

Lakini fizikia inatusaidia mahali pamoja, na mimi huliona hili kuwa zuri sana. Katika hewa ya kawaida molekuli husafiri takriban nanomita 66 kabla ya kugonga nyingine, na kwenye joto la mwali umbali huo huongezeka mara kadhaa. Chembe ya nanomita 30 ni ndogo kuliko umbali huo, hivyo molekuli huifikia moja kwa moja bila kuzuiwa njiani. Kila sehemu ya uso hupokea mgawo uleule, chembe iwe ndogo au kubwa, na ganda hutoka na unene mmoja.

Gharama, hata hivyo, si moja. Kwa ganda la nanomita 3, gramu 100 za titani zenye chembe za kipenyo cha nanomita 200 zinahitaji karibu gramu 5 za silika. Chembe zikiwa za nanomita 30, zinahitajika karibu gramu 38.

Kuhusu upimaji, picha ya darubini ya elektroni hupendeza, ila inaonyesha chembe chache tu. Mimi huuweka unga ndani ya isopropanoli, aina ya alkoholi, naumulika kwa urujuanimno, kisha napima asetoni inayotokea. Titani iliyo uchi huigeuza isopropanoli kuwa asetoni. Asetoni ikizidi kupanda, ganda lina pengo, hata kama picha zote zimetoka safi.