Maana ya Kirejelewa katika Ufahamu wa Kiingereza

Kirejelewa ni mtu, kitu au jambo linalowakilishwa na neno dogo ndani ya kifungu bila kutajwa tena kwa jina lake. Katika Kiingereza maneno hayo madogo ni kama "it", "they", "her", "this" na "which", na msomaji asiyejua yanasimama badala ya nini anaweza kufahamu kila neno la kifungu, lakini kifungu chenyewe kikampita. Wanafunzi wengi hudurusu sarufi siku yake, tamathali za usemi siku yake na ufahamu siku yake, kana kwamba ni masomo matatu yasiyojuana, nami naamini mazoea hayo huwachosha bure. Karatasi ya Pili ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, yenye jumla ya alama 80, huyakusanya yote pamoja: ufahamu alama 20, dondoo la kitabu teule alama 25, shairi au fasihi simulizi alama 20, na sarufi alama 15. Kirejelewa hupita katika sehemu zote hizo nne.

Tuitazame sentensi hii: "Amina put the knife on the table and wiped it." Amina alifuta kisu au alifuta meza? Katika Kiswahili swali hilo lisingezuka, kwa kuwa ngeli ingekwisha kulijibu: "akakifuta" ni kisu, "akaifuta" ni meza. Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo, na "it" moja hubeba kisu, meza, mvua, wazo na hata safari nzima. Hivyo msomaji hulazimika kutafuta ushahidi kwingine. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili niliyekuwa nikidurusu naye alijibu upesi kwamba ni meza, kwa sababu alikuwa amefundishwa kwamba kiwakilishi hurejelea nomino iliyo karibu nacho zaidi. Nilimwomba achore mshale kwa penseli kutoka kwenye "it" hadi kwenye "table", kisha aendelee kusoma. Sentensi iliyofuata ilisema: "There was still blood on the handle." Penseli ilisimama kwenye neno "handle", akanyamaza kidogo, akaufuta ule mshale na kuchora mwingine uliofika kwenye "knife", kwa maana mpini ni wa kisu. Kanuni ya ukaribu haikuwa uongo, ila ni dalili tu, na dalili hupimwa kwa maneno yanayotangulia na yanayofuata.

Haifai kudhani kwamba Kiingereza daima ndicho chenye upungufu. Katika sentensi "Juma told Rehema that her father was ill", neno "her" linatuambia wazi kwamba mgonjwa ni baba yake Rehema, ilhali Kiswahili kikisema "Juma alimwambia Rehema kwamba baba yake ni mgonjwa" hatujui ni baba wa nani. Kimilikishi chetu hufuata kinachomilikiwa, kama katika "kitabu chake" na "nyumba yake". Kimilikishi cha Kiingereza hufuata mwenye mali, awe mwanamume au mwanamke. Hapo ndipo lilipo chimbuko la kosa tunalolisikia kila siku, la mtu kusema "he" akimzungumzia mama yake, kwani "yeye" wetu habagui jinsia. Kosa hilo likiingia katika usomaji ni zito kuliko linapotoka mdomoni, maana msomaji asiyezingatia tofauti ya "his" na "her" anatupa dalili aliyowekewa makusudi na mwandishi.

Kirejelewa si lazima kiwe nomino moja. Mtu akiandika "He sold the cow, which angered his wife", kilichomkasirisha mke ni kule kuuzwa kwa ng'ombe, nasi tungesema "jambo lililomkasirisha mkewe". Koma ikiondolewa, "He sold the cow which angered his wife", mwenye kukasirisha ni ng'ombe mwenyewe, yaani "ng'ombe aliyemkasirisha mkewe". Neno "this" nalo hufanya kazi kama hiyo. Katika "The rains failed, the goats died and the school closed. This surprised nobody", mwanafunzi anayejibu kwamba "this" ni kufungwa kwa shule amechukua kipande cha mwisho akaacha viwili. Jibu kamili hukusanya kukosekana kwa mvua, kufa kwa mbuzi na kufungwa kwa shule, na ili aliandike kwa Kiingereza sanifu inambidi ageuze vitenzi vitatu kuwa nomino, kazi ambayo ni ya sarufi tupu.

Mahali ninapopapenda zaidi ni pale kirejelewa kinapozaa tamathali ya usemi. Mwandishi anaweza kuandika hivi: "The lake took both his brothers. Every evening he came down to the shore to look at her." Msomaji mwenye haraka ataanza kumtafuta mwanamke katika kifungu, labda dada au mchumba, na hatamwona, kwa kuwa hayupo. Neno "her" linarejelea ziwa. Kiingereza cha kawaida kingetumia "it". Mwandishi alipochagua "her" alilipa ziwa utu, na hiyo ndiyo tashihisi. Kitenzi "took" peke yake kisingetosha kututhibitishia, maana maji kuchukua watu ni usemi uliokwisha kuzoeleka. Kiswahili kina njia yake ya kufanya jambo hilohilo, nayo ni kuhamisha nomino kutoka ngeli yake na kuiingiza katika ngeli ya A-WA. "Alishuka ufukweni kulitazama" ni habari ya ziwa la maji. "Alishuka ufukweni kumtazama" ni habari ya ziwa lililogeuka mtu, kama vile katika ngano Jua linapopewa kinywa na msimulizi akasema "Jua alimwambia Upepo".

Kwa hiyo swali likitaka tamathali itajwe na kuelezwa, kuandika neno "personification", yaani tashihisi, ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kuonyesha kwamba "her" imewekwa mahali pa "it", na kueleza linavyobadilisha maana: yule mtu hatazami maji, anamtazama aliyemnyang'anya ndugu zake, na kila jioni anarudi kwake.