Faragha si siri

Juzi nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa binti wa kaka yangu. Alikuwa saluni, kichwa bado kiko ndani ya draya, na tayari ameshaposti picha yenye jina la saluni na mtaa. Nilipomuuliza kwa nini asingoje kwanza atoke, akanijibu, "Shangazi, mimi sina siri. Nifiche nini?"

Picha haina neno. Kinachonikera ni hiyo "siri". Siri ni jambo usilotaka lijulikane. Faragha ni haki yako ya kuamua nani akufikie, wakati gani na kwa kiasi gani. Yote mawili tumeyapata kwenye Kiarabu, ila mizizi ni tofauti. Siri imetokana na sirr, kitu kilichofichwa, ndiyo maana tunasema "namba ya siri" ya kutolea pesa: akishaijua mtu wa pili, imeharibika. Faragha imetokana na faragh, nafasi iliyo tupu, wakati usio na shughuli. Humo hamna kuficha. Mtu akikwambia "nina maneno nawe, twende faragha," waliobaki barazani wanawaona mkiondoka, wanajua mnazungumza, na pengine wanajua hata mnazungumza nini. Wamewaachia nafasi tu.

Nyumba za mawe za Lamu zinalionyesha hili vizuri kuliko kamusi. Mbele kuna daka, mgeni anakaa hapo anazungumza na mwenyeji, lakini njia ya kuingilia imepindwa ili mpita njia asione mpaka ndani. Mtaa mzima unajua nani anakaa humo, nani kaolewa, nani yuko safarini. Hata hivyo anayekuja anapiga hodi, na akipiga mara tatu bila kuitikiwa anarudi alikotoka. Hodi hiyo ndiyo faragha. Haimzuii mtu kujua kwamba upo. Inamzuia kuingia kabla hujamkaribisha.

Sasa anapokaa binti yetu si siri hata kidogo. Mjumbe anapajua, kijana wa bodaboda anapajua, mama wa genge anapajua. Lakini kila mmoja ana kipande chake, na yeye anawafahamu wote kwa sura. Anayepitia ukurasa wake anavikuta vipande vyote mahali pamoja, na hajapiga hodi: saluni Jumamosi, mazoezi saa 12 jioni, kwaya Jumatano, na ile wiki ya Krismasi ukoo mzima uko Moshi, nyumba ya mjini imebaki na kufuli.

Jeshi pia limepatwa na hili. Novemba 2017 programu ya mazoezi ya Strava ilitoa ramani ya dunia ikionyesha njia walizokimbia watumiaji wake. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, akaonyesha kwamba nchi kama Syria na Afghanistan, katikati ya giza la ramani, zina mistari inayong'aa iliyochora kambi za kijeshi. Hakuna askari aliyetoa siri. Kila mmoja alikuwa anakimbia mazoezi yake ya asubuhi.

Na si lazima uandike jina la mtaa. Kamera ya simu ikiruhusiwa kujua ulipo, picha inabeba namba za latitudo na longitudo ndani yake. Huku kwetu karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111, na tarakimu ya tano baada ya nukta ni kama mita moja. Simu haipatii hivyo kila mara, lakini kuitambua nyumba haihitaji zaidi. WhatsApp inaziondoa namba hizo ukituma kama picha. Ukituma kama faili ili picha isipungue ubora, zinakwenda nazo.

Mimi mwenyewe natuma lokesheni. Nikirudi usiku namtumia dada yangu ile inayotembea, ya saa moja, ikiisha imeisha. Yeye nimemkaribisha, na muda nimepanga mwenyewe. Hapo faragha yangu ni nzima. Hata Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, imeiweka faragha pamoja na usalama wa mtu, na haikudai kwanza uwe na la kuficha.

Kwa hiyo binti yangu akiniambia tena hana siri, nitamkubalia, maana kweli hana. Nitamwomba abadilishe neno moja tu, aseme "Shangazi, mimi sina faragha," halafu anyamaze kidogo ajisikilize. Picha ya saluni ataiposti akishafika nyumbani; nywele zitakuwa zilezile.