Mkanda wa msasa: ulio bora unajulikanaje?

Wazee wa pwani walipotaka kulainisha ubao walichuma majani ya msasa, mti wa jamii ya mkuyu ambao jani lake hukwaruza kama ulimi wa paka. Jina la mti likahamia kwenye karatasi ya dukani yenye punje, kisha likahamia kwenye mkanda unaozunguka juu ya mashine. Kazi ni ile ile, ila sasa jani limetengenezwa kiwandani, na viwanda havilingani.

Mkanda wa msasa ni utepe wa kitambaa au karatasi nzito uliounganishwa ncha mbili ukawa duara. Upande mmoja umegandishwa punje kali. Rola za mashine zinauzungusha, nao unakwangua mbao kidogo kidogo. Kwa hiyo mkanda una vitu vinne: mgongo, gundi, punje na kiungo. Kimoja kikiwa dhaifu, vile vitatu havisaidii kitu.

Hapa Tanga, fundi akiingia dukani Ngamiani kuulizia mkanda, swali analoulizwa ni moja: namba ngapi? Themanini, mia na ishirini, basi, analipa anaondoka. Namba ile ni ukubwa wa punje tu. Asili yake ni chekeche: matundu yakiwa mengi ndani ya inchi moja, punje zinazopita ni ndogo. Ndiyo maana namba ikipanda msasa unakuwa laini. Punje za P40 zina wastani wa karibu milimita 0.4, za P80 milimita 0.2, za P120 milimita 0.125. Herufi P ni alama ya kipimo cha Ulaya. Wamarekani wana chao kisicho na P, na kwenye namba kubwa vipimo hivyo huachana mbali: 400 ya Marekani inakaribia P800.

Jambo ambalo namba haikuambii ni kama punje zote zina ukubwa huo kweli. Mimi nilijifunza kwa meza ya mtiki. Nilinunua mkanda wa bei rahisi ulioandikwa 120, nikapiga msasa mpaka kiganja kikateleza juu ya ubao. Nikapaka vanishi. Asubuhi, jua lilipoingia dirishani, meza nzima ilikuwa na mistari mirefu kama imepitishwa uma. Ndani ya mkanda ule kulikuwa na punje chache nene zilizochanganyika na zile ndogo, na kila moja ilichora mstari wake. Ubao mkavu huficha mistari hiyo. Vanishi huitoa yote. Niliikwangua meza nikaanza upya, siku mbili zikapotea, na mkanda wa bei rahisi ukawa ghali kuliko yote niliyowahi kununua. Tangu hapo, kwangu ubora wa mkanda ni usawa wa punje kwanza, mengine baadaye.

Punje zenyewe hutofautiana kwa madini. Kwa mbao, oksidi ya alumini inatosha kazi nyingi: ni ngumu, haichakai haraka, na bei yake inabebeka. Zirkonia na seramiki hudumu zaidi pale unapokwangua mbao ngumu kwa namba ndogo. Silikoni kabaidi ni kali sana lakini huvunjika upesi, inafaa zaidi kati ya koti moja la vanishi na jingine. Rangi ya mkanda isikudanganye, kiwanda hutia rangi kinayotaka.

Angalia pia nafasi kati ya punje. Kuna mikanda iliyojazwa punje uso mzima, na kuna iliyoachiwa mianya. Mtiki, kama ule unaotoka Longuza kule Muheza, una mafuta, na paina ina utomvu. Vumbi lake hunata. Mkanda uliojaa punje huziba ukawa laini kama ngozi, haung'ati tena, unapasha moto tu. Kwa mbao hizo chukua wenye mianya. Mvule una hatari nyingine: ndani yake mara nyingine hukaa jiwe la chokaa, na mkanda wa mgongo wa karatasi ukikutana nalo unachanika. Hapo kitambaa ni bora.

Gundi ndiyo inayotuhangaisha zaidi sisi watu wa pwani. Gundi ya wanyama, ile inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa, hulainika kwa joto na unyevu, na hewa yetu ya bahari ina unyevu mwaka mzima. Punje zinaanza kudondoka kabla hazijachakaa. Mkanda wa gundi ya rezini, yaani gundi ya kemikali, huvumilia. Hata huo usiulaze kwenye sakafu ya saruji wala usiutundike kwenye msumari, utapata mkunjo ambao baadaye utapasuka. Tundika kwenye kipande cha bomba kipana, mbali na mlango.

Dukani, usiogope kuushika. Sugua uso kwa dole gumba: punje zikibaki kidoleni, rudisha. Pitisha kidole juu ya kiungo. Kikiinuka kitagonga ubao kila mzunguko na kuacha mawimbi. Bana mkanda uwe bapa utazame kingo zake mbili. Moja ikilegea wakati nyingine imekaza, mkanda hautakaa katikati ya rola hata uurekebishe vipi. Kisha geuza mgongo utafute mshale. Wenye mshale ufungwe uelekee huko huko, kwa sababu kiungo chake kimepandana na ukiuzungusha kinyume kitabanduka. Wenye kiungo cha kukutanisha ncha na kuzibandikia utepe kwa nyuma huzunguka pande zote.

Ukishaufunga, acha mashine ifanye kazi kwa uzito wake. Siku utakayojikuta unaikandamiza ndipo ikate, mkanda umekwisha, hata kama macho yanaona punje bado zipo. Ukiendelea, ubao unaungua, na alama ya moto kwenye mninga huingia ndani kuliko inavyoonekana. Utarudi P60 kuifuta.