Kushusha thamani ya gari si dawa ya gharama ya bima

Hapa Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Kirumba, wengi wanaamini kwamba ada ya bima kubwa (ile inayolipia hata gari lako mwenyewe) ikipanda, dawa ni kuandika thamani ndogo ya gari kwenye fomu. Ada itapungua, ndiyo, lakini hiyo si dawa. Ada hukokotolewa kwa asilimia ya thamani: kwa kiwango cha 3.5%, gari la milioni 20 ni shilingi 700,000 kabla ya VAT. Ukiandika milioni 10, ni 350,000. Lakini ukigongwa na matengenezo yakafika milioni 4, kampuni inaweza kukulipa nusu tu, maana ulikatia bima nusu tu ya thamani ya gari. Likiungua lote, mwisho wako milioni 10. Inaniuma sana kuona hilo. Afadhali udai punguzo la miaka uliyokaa bila madai.