"Ni mitishamba tu, daktari"

Wiki iliyopita nimeisikia mara nne. Mara ya nne ilitoka kwa mama mmoja aliyekuja kuchukua dawa zake za presha za mwezi. Mashine ilisoma 178 kwa 104. Nikamwuliza kama kuna kitu kingine anachotumia. "Hakuna, daktari." Hakuna kabisa? "Labda vile vidonge vya kupunguza tumbo, lakini hivyo si dawa. Ni mitishamba tu, havina kemikali."

Nina miaka mingi nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Mombasa, na sijaona maneno yanayonichosha kuliko hayo. Leo nayamaliza.

Dhana: cha mitishamba hakina kemikali, kwa hiyo hakiwezi kudhuru moyo

Wagiriama na Wakamba walipotaka mshale umwangushe tembo hawakwenda kwa mkemia. Walichemsha mti wa porini mpaka ukawa lami nyeusi, wakaipaka kwenye chembe. Ndani ya lami ile mna uabaini, ambayo hushika pampu ya sodiamu katika seli za moyo mpaka moyo unapoteza mdundo na kusimama. Na uabaini hiyohiyo, kwa kipimo kidogo mno, madaktari wa Ujerumani waliwahi kuwadunga wagonjwa wa moyo kama tiba. Sasa niambie, mti ule una kemikali au hauna?

Turudi kwa mama. Kopo lilikuwa mkobani (huwa liko mkobani), nikalisoma: guarana, kola, chai ya kijani iliyokolezwa, danzi. Majina manne matamu. Matatu ya mwanzo ni kafeini, kafeini na kafeini. La nne lina sinefrini, binamu wa efedrini. Danzi la kukamulia samaki halina neno. Shida ni danzi lililokolezwa hadi likaingia kwenye kidonge.

Efedrini yenyewe ilitolewa mwaka 1885 na Mjapani Nagai Nagayoshi kutoka mmea wa Kichina, ma huang. Huzihimiza neva zimwage noradrenalini: mishipa inabana, moyo unapiga kwa kasi na kwa nguvu. Sinefrini ni dhaifu zaidi, lakini iko njia hiyohiyo, na kafeini inaisukuma kwa nyuma. Kwa hiyo mama anameza amlodipini asubuhi ili mishipa ilegee, na saa mbili baadaye anameza cha kuibana. Halafu analalamika kwamba dawa zangu hazifanyi kazi.

Kahawa tungu ya Mji wa Kale sina ugomvi nayo. Kikombe ni kidogo, unakunywa polepole huku mkipiga soga. Mtu mzima mwenye afya huvumilia hadi miligramu 400 hivi za kafeini kwa siku. Kopo la mama halikutaja miligramu hata moja.

Na yote hayo ni iwapo kopo linasema kweli. Wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wamekuta sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula, tena na tena, ndani ya vidonge vya kukondesha vilivyoandikwa "asilia". Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya utafiti wa watu karibu 10,000 ambao tayari walikuwa na hatari ya moyo: waliopata matukio mabaya ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 11.4 kwa waliomeza sibutramini, na asilimia 10 kwa waliomeza kidonge kitupu kisicho na dawa. Vya nguvu za kiume navyo mara nyingi hufichwa sildenafili, ile dawa iliyo ndani ya Viagra. Mzee anayeweka nitrati chini ya ulimi kwa ajili ya kifua akichanganya na hivyo, presha huporomoka ghafla, na huenda asiinuke.

"Imetoka Marekani, imepimwa. Halafu mimi bado kijana."

Sheria ya Marekani ya 1994 haimlazimishi mtengenezaji wa virutubisho kuthibitisha usalama kabla ya kuuza. Februari 2003 Steve Bechler, mrushaji wa timu ya besiboli ya Baltimore Orioles, alianguka mazoezini Florida, akafa kesho yake kwa mwili kuzidiwa na joto. Alikuwa akitumia vidonge vyenye ma huang, na mchunguzi wa maiti alivitaja kuwa vilichangia. Umri wake ulikuwa miaka 23. Marufuku ya Marekani dhidi ya virutubisho vya ma huang ilianza kutekelezwa Aprili 2004.

"Moyo ukienda mbio ndiyo mafuta yanayeyuka."

Mbwa wa mlinzi akikata mnyororo, moyo wako utakwenda mbio vilevile. Kitambi utabaki nacho.

"Chai ya kukondesha ni chai."

Nyingi ni sanamaki. Unaharisha, potasiamu inatoka, na moyo uliopungukiwa potasiamu huharibika mdundo. Kama unameza pia dawa ya presha ya kukojoza, zidisha mara mbili wasiwasi wangu.

"Miraa ni majani, kama mchicha."

Kama ni majani tu, mbona magari ya kutoka Maua yanakimbia vile, na vifurushi vinafungwa kwa majani ya migomba visinyauke? Ni kwa sababu ya kathinoni, ya ukoo wa amfetamini, ambayo hufifia kadiri jani linavyokauka. Mtafunaji anaijua kemia hiyo kuliko mimi, ila hataki kuiita kemikali. Presha na mapigo hupanda, mishipa ya moyo wenyewe inaweza kubana. Muguka ni mmea uleule.

"Nilipima asubuhi, presha ni nzuri."

Ulipima kabla ya kumeza. Pima kabla, kisha saa moja baadaye, kisha saa mbili, uandike. Na ukija kwangu leta kopo, usiniletee jina. Majina ya bidhaa hizi hubadilika kila mwezi. Kifua kikibana usije dukani kabisa, nenda hospitali.

Yule mama nilimpima tena baada ya siku kumi bila vidonge. Ilikuwa 142 kwa 88, dawa zilezile. Nikauliza kopo liko wapi. Kampa dada yake.