Boti ya feni inarukaruka? Usianze na injini

Kwenye vinamasi vya Everglades, kule Florida, Marekani, boti za feni hukatiza mahali ambapo propela ya majini ingenasa nyasi mara moja. Tumbo lake ni bapa, injini na feni vimeinuliwa juu huko nyuma, na breki hakuna. Ugonjwa wake mkubwa ni kurukaruka: omo, yaani sehemu ya mbele, inapanda, inapiga maji, inapanda tena kama pomboo.

Wengi husema injini imezidi nguvu. Injini inasingiziwa. Boti ikichanganya mwendo, hukalia sehemu ndogo tu ya tumbo, karibu na tezi, yaani sehemu ya nyuma. Sehemu hiyo ikiwa imetuna, hata kidogo tu, maji yanayopita huivuta tezi chini na omo hunyanyuka. Ikiwa imebonyea, tezi husukumwa juu, omo hukandamizwa na mwendo hupungua. Kwa hiyo pandisha boti kwenye stendi, chukua rula ndefu iliyonyooka, iegemeze chini ya tumbo kuanzia ukingo wa tezi kwenda mbele, kisha mulika tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya katikati, pamebonyea. Rula ikibembea, pametuna. Kazi ya dakika chache, lakini kuna watu watanunua feni mpya kabla ya kuifanya!

Tumbo likiwa limenyooka na boti bado inaruka, angalia uzito. Tangi la mafuta, betri na viti vikirundikana nyuma, itaruka tu. Weka mifuko ya mchanga mbele, kidogo kidogo, ujaribu tangi likiwa limejaa na likikaribia kwisha. Ila usipitilize: feni ikiwa juu vile, msukumo wake wenyewe tayari unaiinamisha omo. Ukiongeza mno, boti italima maji.

Halafu kuna imani kwamba shiti la plastiki chini ya boti hutibu kila kitu. Shiti hilo ni la kutelezea kwenye nyasi, matope na nchi kavu. Halinyooshi bati lililopinda. Tena likifungwa vibaya ndilo linaloleta mawimbi chini ya tumbo. Joto likiongezeka kwa nyuzi 30, shiti la mita 3 hurefuka zaidi ya sentimita 1, wakati aluminiamu ya tumbo hurefuka kama milimita 2 tu. Boliti zikilibana bila nafasi, litavimba katikati. Ndiyo maana fundi anayejua hutoboa matundu marefu, si ya duara.

Kuhusu kuviringisha kingo “ili maji yateleze”: pembeni sawa, boti isikwame ikikata kona kwa ubavu. Ukingo wa tezi uache mkali, maji yaachie hapohapo. Ukiuviringisha, yataugandia na kuivuta boti chini.

Na ikilalia upande mmoja ukikanyaga mafuta, usikimbilie kusema bodi imepinda. Feni ikizunguka kulia, ukiitazama kutoka nyuma, boti husukumwa ilalie kushoto. Sogeza betri au kiti cha dereva upande wa kulia, ujaribu tena.